Ndoo ya Fundi Kwenye Foleni

Ngazi za jengo la vitambaa hazijawahi kumwonea mtu huruma, hasa mchana. Wanaopanda wana haraka, wanaoshuka wana mizigo, na pale kwenye kona, kati ya ghorofa ya kwanza na ya pili, ndipo kila mmoja hugundua kwamba mwenzake naye hana nia ya kupisha. Kwenye kona hiyo ndipo mchoraji alipokutana na gauni.

Nasema gauni kwa sababu aliyelibeba hakuonekana. Lilikuwa gauni la bibi harusi, jeupe pe, limelazwa juu ya mikono miwili iliyonyooshwa mbele, kama mtu anavyombeba mtoto aliyesinzia. Mchoraji alikuwa anapanda kwa fundi wa fremu, kwapani amebana picha ambayo haijakauka. Nyuma yake mtu mwenye robota la mapazia akapaza sauti, "Mzigo, mzigo, pisheni." Mchoraji akapisha. Alipisha vizuri sana, akajibanza ukutani kwa adabu zote, na picha yake ikalala juu ya gauni.

"Kaka, simama hapo hapo," ilisema sauti kutoka nyuma ya gauni. "Usisogee hata kidole."

"Nimesimama."

"Hiyo picha yako imekauka?"

"Bado, dada."

"Basi sasa imekauka. Rangi yote imehamia huku."

Gauni lilipoteremshwa kidogo ndipo uso ukatokea. Macho makubwa yasiyo na mzaha, kitambaa cha kichwani kimefungwa fundo karibu na sikio, utepe wa kupimia unaning'inia shingoni, pini zimechomekwa kwenye ukosi wa blauzi ya rangi ya machungwa iliyomkaa kana kwamba alizaliwa nayo. Chini kidogo ya kiuno cha gauni palikuwa na mstari wa bluu, mrefu kama kiganja.

"Harusi ni lini?" mchoraji aliuliza.

"Kesho."

"Dada yangu, sijui hata niseme nini."

"Usiseme. Unajua kuchora, au hiyo picha umeibeba tu?"

"Ndiyo kazi yangu."

"Basi leo utaifanya kweli. Geuka, tushuke."

Mchana ule wote walikaa nyumbani kwa yule dada, fundi wa nguo, goti kwa goti, gauni limetandazwa katikati yao juu ya shuka safi. Mchoraji alichora kwa chaki ya fundi maua madogo yanayopanda kutoka kwenye doa hadi kiunoni, halafu mengine kama hayo upande wa pili, ili doa lionekane lilikusudiwa. Fundi alimfuata nyuma kwa sindano na uzi wa bluu. Mama yake fundi, mjane ambaye kicheko chake hakikai mbali, aliwaletea chai kisha akabaki amesimama mlangoni anawatazama.

"Hapa weka jani," fundi alisema.

"Maua haya hayana majani."

"Yatakuwa nayo. Hapa pana tone lako lingine."

Kesho yake bibi harusi alimpigia fundi simu kumuuliza nani alimwambia kwamba anapenda maua ya bluu. "Nilihisi tu," fundi alijibu huku ameuma mdomo asicheke. Halafu akamtafuta mchoraji, ambaye kwenye simu yake tayari alikuwa amemwandika kwa jina la Rangi Mbichi, akamwambia Mungu amewasitiri.

"Basi inabidi nije kushukuru," alisema Rangi Mbichi.

"Kumshukuru nani?"

"Nitajua nikifika."

Akafika. Na baada ya hapo akawa haachi kufika.

Fundi na mama yake walikuwa wapangaji katika nyumba yenye vyumba vinavyotazamana, uwanja wa saruji katikati, kamba za nguo juu yake, na bomba moja la maji kwenye ukuta wa mbele. Bomba hilo lilikuwa na tabia zake. Lilitoa maji alasiri, siku likipenda, kwa muda linaoutaka lenyewe, kwa hiyo foleni ya ndoo ilipangwa tangu asubuhi. Cherehani ya fundi ilikaa mlangoni mwa chumba chao ikitazama uwanja, na fundi hakuweza kuiacha kila bomba likikohoa. Basi ndoo yake ya manjano, ambayo mshikio wake ulivunjika akauzungushia vipande vya vitambaa vya kila rangi, ilikaa foleni peke yake. Aliyekuwa nyuma aliisogeza kwa mguu. Aliyekuwa mbele aliijaza akaifunika. Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo. Uani pale methali hiyo ilikosa kazi. Fundi naye akipandisha pindo au akibadilisha zipu ya mtu wa nyumba ile, hakuna aliyeuliza bei. Sheria ilikuwa moja tu: ndoo inayokaa foleni ni ya mtu wa nyumba. Ya mgeni hungoja hadi wenyewe wamalize.

Mchoraji alikuwa amechoka kuchora machweo ambayo watu huyachagua kwa kuyalinganisha na makochi yao. Uani pale alijiona kama mtu aliyefunguliwa dirisha. Alikuja na karatasi na penseli akawachora Mama na jirani yao, Mama Pacha, wakikamua shuka, kila mmoja kashika ncha yake na kujivuta nyuma. Akamchora Mzee Redio, mpangaji wa chumba cha karibu na bomba, ambaye alitengeneza redio za mtaa mzima ila yake mwenyewe ilikuwa haisemi.

"Leo unamchora nani?" fundi alimuuliza bila kuinua kichwa kwenye cherehani.

"Watu."

"Watu hawana majina?"

"Wanayo. Ila wakiwa kwenye foleni ya maji wanakuwa mtu mmoja mwenye miguu mingi."

"Mwambie Mama Pacha hivyo, uone mguu mmojawapo utakavyokufikia."

Mapenzi ni kikohozi, hayawezi kufichika. Mzee Redio alianza kukohoa kila mchoraji alipoingia getini, akakohoa hivyo wiki nenda wiki rudi, hadi Mama Pacha akamshauri aende hospitali. Na siku ambazo mchoraji hakuja, simu ilikuja badala yake.

"Haloo, Rangi Mbichi."

"Haloo, Fundi wangu. Unafanya nini?"

"Nashona. Na wewe?"

"Nakuwaza."

"Hiyo si kazi."

"Ni kazi, tena ngumu. Nimeanza asubuhi na sijafika hata nusu."

"Basi pumzika kidogo, unywe chai, uendelee mchana."

Fundi akakata simu, na mshono uliofuata ukaenda upande. Akaufumua akiwa anatabasamu peke yake.

Siku moja alirudi kutoka kuwapelekea wateja nguo zao, akakaa, akashona, akainuka. Mama Pacha akacheka hadi akashika ukuta. Nyuma ya sketi ya fundi kulikuwa na bluu.

"Nani kakaa kwenye stuli yangu?"

Rangi Mbichi alikuwa amejificha nusu nyuma ya mashuka yaliyoanikwa. "Miguu ilichoka, mpenzi."

"Mkeka upo. Kizingiti kipo. Stuli ya fundi haikaliwi."

"Nimekosa."

"Mpaka leo hujajifunza kukauka."

Kwa kweli alikuwa akiikalia kila mara fundi alipotoka. Mama alimwona, akadhani kijana anamkumbuka mwenzake, na kwa kuwa yeye mwenyewe zamani aliwahi kukumbatia koti la mtu, akanyamaza.

Wakati huo dada yake fundi, mkubwa wake kwa kuzaliwa, mwenye karakana ya ushonaji katika mji mwingine, alipiga simu.

"Mdogo wangu, nataka mkuu wa kukata vitambaa. Sitaki mtu baki. Utakuja?"

"Nipe muda, dada. Maonyesho yapite kwanza."

"Maonyesho ya nini?"

"Ya mtu."

"Ahaa," dada alisema polepole. "Ya mtu."

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Fundi alimpenda mchoraji, na hakujua ana nafasi gani kwake. Huyu mwanamume alikuja kila mara, akaleta maneno matamu, lakini neno la kukaa hakulitamka. Na fundi, ambaye kwa miaka alikuwa amekaa mlangoni mgongo umepinda akiona kila mtu, wakati mwingine alihisi kwamba watu humkumbuka pindo linapochanika tu. Akajiambia kuwa picha kubwa ya uani, ambayo mchoraji alikuwa akiichora kwa ajili ya maonyesho yake na kukataa kuionyesha kabla, ndiyo itakayomjibu. Kama amemwona, atabaki. Kama hakumwona, basi la kwenda kwa dada lipo. Hakumwambia mchoraji lolote kati ya hayo, na hilo lilikuwa kosa lake, tuwe wakweli.

Mchoraji naye alikuwa na kosa lake analoliita msimamo. Hakuwahi kueleza picha. "Picha ikihitaji mdomo, imeshindwa kazi," alipenda kusema, tena kwa sauti ya mtu anayejisikia vizuri kuisema.

Siku ya maonyesho nyumba nzima ilikwenda. Fundi alikuwa amewashonea wote: Mama gauni la zambarau lenye mikono mipana, mapacha mashati ya mistari, Mzee Redio koti ambalo kwa mara ya kwanza mikono yake ilikutana na viganja. Yeye mwenyewe alivaa kijani kibichi, kiuno kimebanwa, ukosi wa manjano umesimama shingoni. Mama alimzungusha, akamtazama, akasema leo watu watazipa picha mgongo.

Ukumbi ulikuwa na milango ya vioo na ubaridi wa kutengenezwa. Picha yao ilijaza ukuta wa mwisho. Walipoifikia, wakaanza kujitafuta, na kila aliyejipata alicheka kama mtu aliyeokota kitu chake kilichopotea. Mama Pacha na Mama walikuwa wakikamua shuka. Mzee Redio alikuwa ameinua bisibisi, mdomo wazi, katikati ya hadithi. Mapacha walikuwa wakikimbia chini ya kamba za nguo. Kila uso ulikuwa umegeuka kidogo kuelekea mbele, na wageni wakasema, tazama, wanatuangalia.

Fundi alijitafuta kwenye foleni. Hakuwamo. Akajitafuta kwenye kamba, milangoni, hata kwenye vivuli. Vyumba vyote vya nyumba vilikuwapo, chao tu hakikuwapo. Mwishowe akaiona. Katikati ya foleni, kati ya miguu ya watu, ilikaa ndoo ya manjano yenye vitambaa kwenye mshikio.

"Fundi, nimekuona," alisema Mzee Redio kwa furaha. "Wewe ndiye ndoo."

Wakacheka wote, bila ubaya. Karibu yao mama mmoja mgeni, mwenye miwani na kalamu, alikuwa akimhoji mchoraji. "Hii nguzo ya kamba inakata bomba katikati," alisema. "Ungeisogeza kidogo picha ingependeza. Na hii ndoo isiyo na mtu, ni ya nani?"

Mchoraji aliinama, akatazama viatu vyake.

"Ni ndoo tu, mama," alisema. "Ndoo ni ndoo."

Fundi aliyasikia maneno hayo akiwa amesimama mbele ya kazi ya miezi ya mtu anayempenda, ndani ya gauni alilolishona kwa ajili ya jioni hiyo. Alimshika Mama mkono, akamwambia kichwa kinamuuma. Wakatoka.

Simu iliita kabla hawajafika nyumbani.

"Mpenzi, mbona umeondoka? Sijakuona hata ukiaga."

"Hukuniona. Hilo nimelielewa."

"Fundi, una nini?"

"Ungenichora hata mgongo. Mapacha, ambao hawatulii, umewapata. Mimi nisiyeondoka mlangoni umenikosa."

"Lakini umo."

"Wapi?"

"Tazama vizuri."

"Nimetazama. Nimeona ndoo, na ndoo ni ndoo. Si ndivyo ulivyosema?"

"Tazama tena, nakuomba."

"Mimi si mwanafunzi wako, Rangi Mbichi. Ukiwa na la kusema, sema."

Angelisema, hadithi hii ingekuwa fupi. Lakini alinyamaza, na fundi akakata. Mchoraji alibaki ukumbini kati ya watu waliokuwa wakimpongeza, akiwaza kwamba kama yule aliyekaa pale kila siku hakuona, basi yeye hakuchora kitu. Huzuni na kiburi vilimwingia pamoja, na vikishapanga chumba kimoja hivyo viwili, hakuna anayetaka kwenda kufungua mlango. Hakupiga tena.

Asubuhi fundi alimpigia dada yake. "Nakuja," alisema.

"Na yule mtu?"

"Hakuna mtu."

Dada hakuuliza zaidi, na alishukuriwa kwa hilo.

Habari ya kuondoka kwa fundi iliitia nyumba baridi. Hakuna aliyemzuia, maana riziki ya mtu haizuiwi, lakini Mama Pacha alianza kumletea nguo ambazo hazikuchanika. Mzee Redio, akijua kwamba mahali fulani alikosea na asijue ni wapi, alipeleka simu yake kwa mpiga picha wa mtaa, akachapishiwa kwenye karatasi kubwa ile picha ya ukumbini aliyokuwa ameipiga kwa simu, na kila chumba akakipa nakala. Ya kwao Mama aliibandika ukutani, kando ya mlango, juu kidogo ya cherehani. Fundi hakuitazama. Alipanga nguo zake, akafunga mikasi kwenye kitambaa, akaacha cherehani iwe ya mwisho, kwa sababu mashati mengine ya mapacha yalikuwa bado vifungo.

Alasiri ya siku ya maji alikuwa akimalizia kifungo cha mwisho. Bomba lilikohoa. Watu wakainuka, wakaenda kwenye ndoo zao, kelele zikaanza. Fundi akainua kichwa kuuma uzi, na jicho likapita kwenye karatasi ukutani, likaenda uani, likarudi kwenye karatasi.

Nguzo ya kamba ilikata bomba katikati.

Siyo kwenye picha tu. Hapo mbele yake, kwa macho yake, nguzo ilikata bomba katikati vilevile, na nusu ya Mzee Redio ikaonekana upande huu na nusu upande ule. Fundi alisogeza stuli kidogo kulia. Nguzo ikaachana na bomba. Akaisogeza kushoto. Nguzo ikafunika mlango wa Mama Pacha. Akairudisha mahali ambapo miguu yake ilikuwa imechimba alama sakafuni kwa miaka, akakaa, na kila kitu kikarudi mahali pake. Chini ya picha, kwenye pembe, palikuwa na kitu cheusi kilichopinda ambacho wote walisema ni tairi la baiskeli. Hakuna mtu mwenye baiskeli katika nyumba ile. Fundi akatazama chini, karibu na mkono wake wa kulia, akaona gurudumu la cherehani yake.

Akaikumbuka sketi yenye bluu.

"Fundi," Mama Pacha alimwita kutoka kwenye foleni, akicheka, akiinua shati lenye mfuko uliochanika ili alione. Mzee Redio naye aligeuka, mdomo wazi, hadithi nusu, akihakikisha kwamba fundi anaisikia. Mama, akiwa na ncha ya shuka, aligeuza uso kumtazama mwanawe kama anavyomtazama kila siku. Na bila kukatiza neno, Mzee Redio alinyoosha mguu, akaisogeza ndoo ya manjano hatua moja mbele. Nyuso zote zile ambazo wageni walidhani zinawatazama wao, zilikuwa zikimtazama yeye. Hivi ndivyo alivyotazamwa miaka yote, na alikuwa ameinama anapima pindo. Fundi alilia hadi shati likamponyoka. Akainuka, akaenda kwenye foleni na machozi yake yote.

"Asanteni kwa kunisogezea ndoo," alisema.

Watu wakatazamana.

"Umepatwa na nini?" Mama Pacha aliuliza.

"Sijapatwa na kitu. Mmeisogeza siku zote, na mimi sijawahi kushukuru. Asante, Mama Pacha. Asante, Mzee."

Mzee Redio alirudi nyuma hatua moja. "Unataka kuazima nini kwangu?"

Fundi akacheka na kulia kwa pamoja, akarudi mlangoni, akakaa kwenye stuli, akapiga simu. Iliita kidogo tu.

"Rangi Mbichi."

"Naam."

"Nimekaa."

"Umekaa wapi?"

"Kwenye stuli yangu. Na picha iko mbele yangu."

Akasikia brashi ikiwekwa chini. "Kwa hiyo umeona," mchoraji alisema kwa sauti ndogo.

"Nimeona. Sasa nieleze."

"Si umeshaona?"

"Macho yameona. Masikio bado. Mimi nikimaliza gauni namshika mwenye gauni mabega, namwonyesha mbele ni wapi na nyuma ni wapi. Simwachi alivae kinyumenyume halafu nikamnunia."

Katika kile chumba cha huzuni na kiburi moyoni mwa mchoraji, mpangaji mmoja alikuwa anahama.

"Ni kweli," alisema. "Nimekosa, Fundi."

"Endelea."

"Kila anayepita uani, mwenye shida au mwenye kichekesho, uso wake anauleta kwako. Wewe huoni kwa sababu uko kwenye kazi. Ningekuchora wewe ningepata uso mmoja, mzuri, basi. Nikataka uzione nyuso zote zinazokupenda. Kwa hiyo nikakaa ulipokaa, nikachora unachokiona."

"Na wako uko wapi?"

"Wangu ulikuwa kwenye stuli, unajifunza kuona kama wewe."

Fundi alifuta macho kwa shati la pacha. "Na yule mama wa miwani? Ulimwambia ndoo ni ndoo."

"Niliona haya. Ningemwambia ndoo ni ya nani, angeyasoma yote usoni kwangu, na wewe mwenyewe ulikuwa hujaambiwa."

"Basi mimi ndiye niliyestahili kuambiwa kwanza."

"Ulistahili. Nakupenda."

"Hilo nalo ulikuwa hujawahi kulisema."

"Nilidhani linaonekana."

"Rangi Mbichi, wewe na kudhani kwako mtaniua."

Simu iliyofuata ilikwenda kwa dada.

"Siji," fundi alisema.

"Sababu ya mtu?"

"Ya mtu, na ya ndoo."

"Ya ndoo sijaielewa. Lakini kazi yangu je?"

"Nitumie vitambaa kwa basi. Nitakukatia hapa hapa."

Dada akasema yeye kinachomhusu ni mikasi, mahali mikasi inapokaa si shauri lake.

Siku ya maji iliyofuata, asubuhi, geti lilifunguliwa na Mzee Redio akakohoa kwa mazoea. Mchoraji aliingia amevaa shati jeupe lililopigwa pasi, mkononi amebeba ndoo mpya ya bluu. Hakusalimia kwanza. Alikwenda moja kwa moja kwenye foleni, akaiweka nyuma ya ndoo ya manjano, ikagusana nayo. Halafu ndipo akamgeukia Mama. "Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu."

Mzee Redio alikuwa ameshasimama. "Kijana, tunakupenda, lakini sheria ni sheria. Ndoo ya mgeni hungoja."

"Naijua, Mzee. Nimekuja kuuliza kama bado mimi ni mgeni." Alimtazama Mama tena. "Mama, wazee wangu watakuja kwa utaratibu wao. Ila niliona nianze na ndoo. Naomba kumwoa binti yako."

Mama aliweka mkono kifuani. Macho yalimlowa, lakini kicheko kilikuwa karibu kama kawaida. "Mimi nimesikia," alisema. "Mwenye jibu yuko mlangoni."

Mwenye jibu alikuwa anashona. Mshono ulikuwa haujafika mwisho, na fundi haachi mshono katikati. Uani kote watu walimgeukia. Hata mapacha walisimama. Cherehani ilikwenda hadi mwisho wa kitambaa, ikanyamaza. Akakata uzi. Akainama kwenye kikapu cha mabaki, akachagua vipande viwili vitatu, cha kijani, cha manjano, na kimoja cheupe cha gauni la bibi harusi yule. Akaja kwenye foleni, akachuchumaa, akaanza kuuzungushia mshikio wa ndoo ya bluu, taratibu, kama wa ile nyingine.

"Mshikio mtupu utakukata mkono," alisema.

Mchoraji alichuchumaa mbele yake, goti kwa goti. "Nieleze maana yake," alimwomba.

"Si ulisema ikihitaji mdomo imeshindwa kazi?"

"Nieleze hivyo hivyo."

Fundi alifunga fundo, akalivuta kuhakikisha limeshika, akamtazama yule mwanamume usoni.

"Ndiyo," alisema. "Maana yake ni ndiyo."

Mama Pacha akapiga kigelegele. Alasiri, bomba lilipokohoa na foleni ikaanza kwenda, wachumba wale walikuwa mlangoni wanabishana juu ya nani atakaa kwenye stuli. Mzee Redio alikuwa katikati ya hadithi yake. Akanyoosha mguu bila kutazama chini, akazisogeza ndoo zote mbili mbele.